Unga Usiopungua

Kwenye kigango kile cha nje kidogo ya Butiama hakukuwa na mtu aliyejua kufunga kama Dafroza, na Dafroza mwenyewe alilijua hilo vizuri, ingawa kila aliposifiwa aliinamisha kichwa na kusema ni neema tu. Wengine walifunga mpaka jua liliposimama utosini, wakaanza kulitazama kwa jicho la wizi. Dafroza alifunga huku akilima, akichota maji na kuongoza nyimbo za Njia ya Msalaba, wala hakuonekana kulegea. Katekista Isidori alimtaja katika mafundisho yake, na wanawake wa jumuiya walimletea shida zao ili awafungie: mume mlevi, ugomvi wa shamba, binti asiyeshika mimba. Baadhi ya shida zilinyooka na nyingine hazikunyooka, lakini zile zilizonyooka ndizo zilizosimuliwa.

Mwaka ule wa themanini na nne, Kwaresima iliingia wakati ambao, kusema kweli, nusu ya kijiji ilikuwa imeshafunga bila kutangaziwa. Mvua zilikuwa zimepita juu juu na mtama ukakauka kabla haujafika kiunoni. Kwenye duka la kijiji hakukuwa na sukari wala sabuni, na mafuta ya taa yalikuwa kitu cha kusimuliana, hata sala za jioni kigangoni zikawahishwa zipate kumalizika kungali na mwanga. Kilichofika mara moja moja, tena kwa foleni na kusukumana, ni unga wa njano kutoka nje, ule ambao watu waliuita yanga. Ulinuka gunia na ugali wake ulikuwa mgumu kushuka kooni. Waliousema vibaya ndio waliowahi foleni.

"Mwaka huu Padre asihangaike na mahubiri," wanaume walitaniana njiani. "Duka limeshatufungisha."

Dafroza hakuupenda utani huo. Kwake yeye kukosa kulikuwa kukosa na kufunga kulikuwa kufunga. Aliyefunga ni yule mwenye chakula ndani akakiacha kwa hiari yake. Naye chakula alikuwa nacho kidogo. Mwanawe Felisian, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Musoma, alikuwa amepata lifti ya lori akashusha debe zima la yanga na dagaa wa ziwani kutoka Mwigobero, akalala siku moja, akarudi kazini. Nyumbani walibaki Dafroza, ambaye alikuwa mjane; mkamwana wake Nyamburi, msichana mpole kutoka upande wa Bunda; na mtoto wa Nyamburi, wa kiume, bado wa kunyonya tu, aliyepewa jina la babu yake marehemu, Makongoro.

Mtoto huyo ndiye aliyekuwa roho ya Dafroza. Alimwita mume wangu. "Mume wangu kaamka? Ananidai nini leo?" aliuliza kila asubuhi, na Nyamburi alicheka kwa kuficha mdomo. Dafroza alikuwa amezaa sana na kuzika sana. Felisian alikuwa ndiye aliyesalia. Kama jina la Makongoro lilikuwa lishike tena duniani, lilikuwa lishikie kwa huyo mtoto, na Dafroza hakumficha Mungu kwamba hilo ndilo alilolitaka kuliko mengine yote.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake wa kula. Mkamwana anapika, anapakua, anafunika, basi. Mama mkwe ndiye anayefunua na kumega tonge la kwanza, na hapo ndipo mkamwana naye anapeleka mkono mdomoni, akiwa amekaa upande upande kidogo. Dafroza alikaa hivyo chini ya mama mkwe wake miaka chungu nzima. Siku Nyamburi alipoletwa, alimkalisha jikoni akamweleza bila ukali wowote, kama mtu anavyomweleza mgeni mahali choo kilipo.

"Kwetu hapa mkamwana hatanguliagi. Akitangulia kula, anakula fungu la mtoto wake. Na sisi ndivyo tulivyokuwaga tunaambiwa."

Nyamburi aliitikia. Kesho yake Dafroza alikuwa ameshalisahau neno lile. Mtu hukumbuka utaratibu unaombana, na huu ulikuwa haumbani tena tangu mama mkwe wake alipozikwa. Yeye sasa ndiye aliyekuwa akifunua.

Tangu Jumatano ya Majivu, Dafroza alikula mara moja tu kwa siku, jioni, baada ya rozari. Padre alipokuja kigangoni kwa zamu yake alisema waziwazi altareni kwamba wagonjwa, wazee na mama wanaonyonyesha hawabanwi na mfungo. Kuhusu wazee, Dafroza aliona Padre anazungumza na watu wengine. Kuhusu wanaonyonyesha, alimgeukia mkamwana wake wakiwa njiani kurudi.

"Umesikia Padre alivyosema? Wewe mchana kula. Unanyonyesha."

"Ndiyo, mama."

Na jioni Dafroza alipofunua sufuria walikula pamoja. Hakujiuliza kwa nini mkamwana aliyekula mchana anameza matonge ya jioni kwa pupa namna ile. Alidhani ni ujana.

Kwaresima ilipofika katikati, mtoto alianza kunyong'onyea. Hakuwa na homa wala kuharisha. Alinyonya kidogo, akaachia, akalia, akarudi, akaachia tena. Mashavu aliyokuwa nayo Krismasi yalikwisha, na ngozi ya mapajani ikaanza kujikunja kama soksi iliyolegea. Dafroza alitazama hali hiyo kwa macho ya mtu aliyewahi kuiona, akambeba mgongoni yeye mwenyewe, na wote watatu wakaenda zahanati.

Muuguzi alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akaguna.

"Huyu amerudi nyuma. Mama, maziwa yanatoka?"

"Yanatoka kidogo," alisema Nyamburi.

"Na wewe unakula?"

Nyamburi alimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi hilo hilo na kikapu mapajani, kisha akatazama sakafu.

"Nakula."

"Anakula," Dafroza akaongeza. "Na unga tunao." Alilisema kwa majivuno kidogo, maana katika foleni ile si wote waliokuwa na unga.

Muuguzi alishauri mtoto asaidiwe na maziwa ya ng'ombe. Ushauri ulikuwa mzuri, ila ng'ombe wa Dafroza walikuwa wamechukuliwa na wezi mwaka uliotangulia, na wa majirani walikuwa mifupa mitupu. Wenye ng'ombe wenyewe walikuwa wakigombea hicho kikombe kimoja kilichokamuliwa. Maziwa ya kopo yalikuwa yanapatikana Musoma, kwa wenye kujuana.

Walirudi nyumbani. Dafroza hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mtu wa kujuana naye, na Felisian hakuwa amelipwa. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokiweza kuliko wengine, akakishika hicho. Alipiga magoti mbele ya picha ya Bikira Maria iliyokuwa imefifia ukutani, akaweka nadhiri kwa sauti, ili asipate mwanya wa kuigeuka baadaye.

"Bwana, sitatia kitu mdomoni isipokuwa maji, mpaka mtoto huyu apone."

Nyamburi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi. Aliposikia maneno hayo alifumba macho. Dafroza alidhani anaunga mkono sala.

Kisha Dafroza akaingia jikoni, akafunua debe la unga, akausawazisha kwa kiganja mpaka ukalala kama kitanda kilichotandikwa, akachora msalaba juu yake kwa kidole. Mama yake mzazi alikuwa akifanya hivyo kila njaa ilipoingia, kuubariki unga usiwatupe.

"Huu ni wako sasa," alimwambia Nyamburi. "Pika uji, pika ugali, kula ushibe. Mimi msinihesabu."

"Ndiyo, mama."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Dafroza alikunywa maji, akaenda kigangoni kufagia, akabaki huko akisali, akarudi jua likiwa limeshuka. Njaa aliijua kama njia ya kisimani. Mwanzoni tumbo linapiga kelele, halafu linanyamaza kwa kununa, halafu kichwa kinakuwa chepesi na rangi za vitu zinakuwa kali. Watu wengi wanaogopa wanapofika hapo. Dafroza alipapenda, na hapo ndipo alipoona sala zake zinakwenda moja kwa moja. Akirudi, kwa mbali aliona moshi unatoka jikoni kwake, moyo ukatulia.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Na mume wangu?"

"Amelala."

Alikuwa analala sana, mume wake huyo. Dafroza akataka kuamini kwamba kulala ni nafuu.

Wiki hiyo Isidori alisoma kigangoni habari za yule mjane wa zamani aliyempikia nabii wakati wa ukame, na unga wake usiishe. Alilieleza somo kirefu, jinsi alivyozoea, na macho ya watu yakawa yanamwendea Dafroza, mjane mwenzake. Siku ya pili yake Dafroza alirudi nyumbani na wazo la kuangalia kama unga utafika mpaka Felisian aje. Nyamburi alikuwa kisimani. Dafroza akafunua debe.

Unga ulikuwa umejaa vile vile. Ulikuwa umelala sawa, pale pale kwenye alama ya kutu ambapo yeye mwenyewe aliuacha, na juu yake msalaba umesimama, kingo zake kali kama umechorwa asubuhi ile.

Mtu aliyeshiba angeelewa mara moja. Angejiuliza pia, kama Mungu ndiye aliyekuwa anajazia unga, kwa nini ajipe na kazi ya kuuchora upya msalaba kila mara. Lakini Dafroza hakuwa ameshiba, na alikuwa ametoka kwenye somo la mjane. Alipiga magoti kwenye majivu, akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa yale maneno ya Kilatini aliyoyakariri utotoni bila kujua maana yake.

Nyamburi alipoingia na ndoo kichwani, Dafroza hakungoja hata aitue.

"Njoo uone! Njoo uone Mungu alivyotenda! Unapika kila siku na unga haupungui!"

Nyamburi alitua ndoo, akachungulia ndani ya debe. Aliutazama msalaba, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa na majivu magotini na machozi mashavuni. Midomo ikamchezacheza kama mwenye neno.

"Ndiyo, mama," alisema.

Jumuiya ilikuwa ikikutana kwa mwenyekiti wake, Jenoveva, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Dafroza alitoa ushuhuda wake hapo, na alivyokuwa msemaji mzuri alianzia zahanati, akapita kwenye nadhiri, akafikia debe. Wanawake walipiga vigelegele, wakakumbuka ni Kwaresima, wakaviziba kwa viganja, wakapiga tena.

"Na mkamwana anapikaga kila siku?" mmoja aliuliza.

"Kila siku. Si moshi mnauonaga wenyewe?"

Moshi walikuwa wameuona. Isidori akasema mambo haya yanataka shukrani ya wote, na Jenoveva akakata shauri pale pale: Ijumaa, Njia ya Msalaba ikiisha, kigango kizima kitakwenda kwa Dafroza kusali mbele ya unga ule. Dafroza alirudi nyumbani akiwa haisikii ardhi. Tukubaliane kwamba haikuwa njaa peke yake.

Ila mtoto hakupona. Ijumaa asubuhi hakulia hata alipooshwa kwa maji yaliyopoa. Alifumbua macho tu, akatazama dari, akafumba. Dafroza alimgusa utosini, mahali panapopumua, akakuta pamebonyea. Alichukua rozari yake akaenda kigangoni, na siku hiyo sala hazikwenda moja kwa moja. Zilimrudia usoni. Unga unaujaza, alimwambia Mungu, na mtoto unamwacha? Mimi nilikuomba unga? Alijua ni dhambi kumsemesha Mungu hivyo, na hakuomba radhi.

Mchana, Njia ya Msalaba ilipoanza, aliimba kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Walipofika kituo cha nne, pale mama anapokutana na mwanawe, sauti ilimkatika. Kuta zilianza kuzunguka. Akamshika bega aliyekuwa mbele yake, akatoka nje, na badala ya kukaa kivulini akaamua kwenda nyumbani kumwona mtoto, wengine watamkuta huko. Alipita njia ya mkato katikati ya shamba lake la mihogo.

Hapo ndipo alipomkuta Nyamburi. Alikuwa amekaa chini, kati ya mashina, ameipa njia mgongo, mtoto amelazwa kwenye kanga pembeni. Mkononi alikuwa na muhogo mbichi wenye udongo, ameumenya kwa meno, anautafuna haraka haraka.

"Nyamburi!"

Msichana aliruka. Muhogo ukamponyoka.

"Unatafuna mbichi, na unga umejaa ndani?"

Nyamburi alipiga magoti, akaziba mdomo kwa mkono. Alipouondoa mkono, Dafroza aliuona uso ule kwa mara ya kwanza tangu Majivu: mifupa ya mashavu, shingo iliyobaki mishipa, midomo iliyopasuka. Alikuwa amekaa nao nyumba moja siku zote hizo, akiutazama uso wa mtoto tu.

"Mama, wewe hujala," alisema Nyamburi. "Mimi ningekulaje?"

"Si nilikuambia ule?"

"Uliniambia. Na Padre alisema. Lakini hukukaa ukafunua."

"Na moshi? Nilikuwa nauona moshi."

"Nilikuwa nachemsha maji ya mtoto."

"Uliniambia umekula!"

"Nilikuwa nakula muhogo, mama. Huu si wa chungu chako." Alianza kulia, bila sauti, akipangusa machozi kwa mkono wenye udongo. "Siku nakuja hapa ulisema, mkamwana akitangulia anakula fungu la mtoto wake. Nilivyoona mtoto anaumwa, ndiyo nikaogopa zaidi. Nikasema nisije nikammaliza mimi."

Dafroza alitaka kusema kwamba lilikuwa neno la kizamani tu, la kufundishia adabu. Lakini alikumbuka benchi la zahanati, na jinsi alivyomjibia muuguzi.

"Siku ile nilipokuonyesha unga, kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na furaha. Tangu mtoto augue sijakuonaga hivyo."

Dafroza alimwinua mtoto kutoka kwenye kanga, akamwinua na mama yake kwa mkono mwingine, na sijui alizipata wapi nguvu hizo, maana muda mfupi uliopita alikuwa anayumba. Akawaingiza jikoni. Akafunua debe. Msalaba ulikuwepo, kingo zake kali, na safari hii aliuona ulivyokuwa: unga ambao hakuna mkono uliougusa. Aibu ilimshika kichwani mpaka miguuni. Kigango kizima kilikuwa njiani kuja kuusujudia.

Akazamisha kata katikati ya msalaba.

Alipika mwenyewe, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu Nyamburi aolewe. Mwiko ulimgonga kifundo cha mkono, dagaa wakaungua upande mmoja. Akapakua, akaweka sahani kati yao, akaifunua.

"Kula."

Nyamburi alinawa. Akamega tonge, akalifinyanga, akalipeleka mpaka mdomoni. Mtoto akaguna kwenye kanga, sauti ndogo tu, na tonge likarudi kwenye sahani.

"Tangulia wewe, mama."

"Mimi nina nadhiri. Mimi mwenye nyumba nimekuruhusu, tangulia. Ule utaratibu nimeufuta."

"Siwezi, mama. Naogopa."

Dafroza alikasirika, kisha hasira ikamwisha, kwa sababu na yeye alikuwa anaogopa. Aliogopa sana. Nadhiri kwake haikuwa maneno. Katika maisha yake yote hakuwahi kuvunja mfungo, hata kwa malaria, hata siku ya kumzika mumewe, na alikuwa akisimulia habari za watu waliomwahidi Mungu wakamgeuka na yaliyowapata. Alikuwa amesema mpaka mtoto huyu apone. Mtoto hajapona, yule pale, amelala macho nusu. Na Mungu akimjibu kwa kumchukua? Atasema nini? Atamtazama Felisian kwa macho yapi?

Mbele yake msichana alikuwa amekaa na mikono iliyooshwa, mate yanamtoka, na bado hali chakula. Naye alikuwa anamwogopa Mungu yule yule, kwa maneno aliyopewa na Dafroza.

"Bwana," alisema Dafroza, kwa sauti ile ile aliyowekea nadhiri, "kama kuna kosa, ni langu. Unishike mimi. Mtoto usimguse."

Akamega tonge, akalichovya, akala.

Halikuwa tamu. Lilikwama kooni kama jiwe na tumbo likajikunja kwa maumivu, akameza maji, likashuka. Akamega la pili ili Nyamburi aone kwamba si kuonja tu. Hapo mkono wa Nyamburi ukaenda kwenye sahani. Hakukaa upande upande. Alikula ameielekea sahani, bila kutafuna sawasawa, jasho likimtoka, na Dafroza akawa anamwambia polepole, polepole, utajiumiza, huku naye akimega kila mara mwenzake alipositasita.

Walikuwa hivyo wimbo uliposikika nje. Jenoveva ndiye aliyetangulia, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Alichungulia na wimbo ukamfia mdomoni.

"Mama Felisian! Unakula?"

Nyuma yake watu walisongamana. Isidori alikuwa katikati yao na kitabu chake cha sala kifuani.

"Nakula," alisema Dafroza. Hakuinuka, maana alijua akiinuka Nyamburi ataacha.

"Ijumaa hii? Na nadhiri je?" aliuliza Isidori. Hakuuliza kwa ubaya; alikuwa ameshtuka kweli.

"Nimeivunja. Kwa mdomo huu huu." Dafroza alipangusa vidole kwenye kanga. "Ule ushuhuda wangu nao mnirudishie. Unga haukupungua kwa sababu hakuna aliyekuwa anaula. Mkamwana wangu alikuwa ananingoja mimi nile ndipo naye ale. Mimi nilikuwa namfungia mtoto, na maziwa ya mtoto nikawa nayakausha kwa kufunga kwangu. Nimemshindisha njaa mtoto wa watu ndani ya nyumba yangu, halafu nikaja kwenu mkanipigia vigelegele."

Mmoja wa wanawake vijana, ambaye naye alikuwa na mama mkwe nyumbani, aligeuka akatazama mbali. Isidori alifungua kitabu, hakupata ukurasa, akakifunga. Jenoveva ndiye aliyeingia. Alimchukua mtoto kwenye kanga, akampulizia usoni, akampangusa midomo kwa kidole kilicholowa maji, kisha akamweka kwenye ziwa la mama yake. Mtoto aliachia. Jenoveva akamrudisha. Akaachia tena. Safari ya tatu akashika, akavuta, na wote waliokuwa karibu wakasikia koo lake likimeza mara moja.

Nyamburi hakuinua kichwa. Sahani ilikuwa imebaki na makombo tu, na jiko limejaa wakubwa wa jumuiya, na yeye ni mke aliyeletwa juzi, ambaye sauti yake wengi wao walikuwa hawajawahi kuisikia.

"Mama," alisema, wote wakasikia. "Bado nina njaa."

Dafroza aliinuka, akainjika maji.